Kebo ya Dhahabu ni Wizi wa Mchana

Niseme bila kuzunguka: kebo ya HDMI ya mita mbili inayouzwa shilingi 7,500 haikupi picha nzuri kuliko kebo nzima ya shilingi 600 ya urefu huo huo. Si nzuri zaidi kidogo. Si nzuri zaidi "kwa wenye macho makali". Ni picha ile ile, nukta kwa nukta, namba kwa namba. Anayekwambia vingine ama hajui anachouza, ama anakijua vizuri mno.

Nimeamua kuandika kwa sababu mwezi huu watu wanne hapa Milimani wameniuliza swali moja: "Wewe mtu wa kompyuta, hom thieta ninunulie waya gani?" Kazi yangu ni kuandika programu, si kuuza runinga, lakini katika Nakuru hii ukijulikana una leptopu basi umekuwa fundi wa kila kitu chenye plagi. (Nimewahi kuletewa pasi.) Wa nne kati yao alikuwa ameshalipa tayari, na hapo ndipo hasira iliponipanda. Nitamfikia.

Kwanza tuelewane kuhusu kazi ya waya. Mnakumbuka nyaya za rangi tatu, njano ya picha, nyekundu na nyeupe za sauti? Ule wa njano ulibeba picha kama wimbi la umeme. Wimbi likiingiliwa njiani, picha nayo inaharibika: rangi inapauka, vivuli vinatokea, mistari inatambaa kwenye uso wa mtangazaji. Enzi hizo waya mzuri ulikuwa na maana, na aliyekuuzia waya mnene wenye ngao hakukudanganya. Uongo wa leo umezaliwa hapo. Wauzaji wameuchukua ukweli wa analogi wakaubandika kwenye kitu kisichofanya kazi hivyo hata kidogo.

HDMI, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka Desemba 2002, haibebi wimbi la picha. Inabeba namba. Kila nukta kwenye kioo ni namba tatu: kiasi cha nyekundu, cha kijani na cha samawati. Namba hizo zinapita kama sufuri na moja, na upande wa pili runinga ina swali moja tu la kujiuliza: hii ni sufuri au ni moja? Ikijibu sawa, imepata namba ile ile iliyotumwa. Basi. Hakuna moja yenye afya zaidi ya moja nyingine.

Ukimtumia mama shilingi 500 kwa M-Pesa, zinafika 500 au unapata ujumbe kwamba imeshindikana. Hazifiki 500 zilizochangamka zaidi kwa sababu simu yako ni ya bei. Sasa mbona mtu yule yule anayelielewa jambo hili kila siku akiwa sokoni anakubali kuambiwa dukani kwamba kebo "inatoa rangi zilizoiva"?

Hilo la rangi ndilo linaloniudhi zaidi kama mwandishi wa programu. Kuifanya picha iwe na nyekundu iliyokolea ni kazi ninayoijua: unasoma namba ya kila nukta, unaongeza kidogo kwenye nyekundu, unaangalia isizidi mwisho, unairudisha, kisha unakwenda kwenye nukta inayofuata. Picha ya 4K ina nukta zaidi ya milioni nane, na zinabadilika mara 60 kwa sekunde. Hiyo ni programu, inataka chipu na inataka stima. Shaba haijui kujumlisha! Kebo ikiharibu kitu, inaharibu ovyo ovyo: biti moja hapa, nyingine kule. Utaona nukta nyeupe zinazometameta kama mchanga, au mistari, au kioo kinakuwa cheusi kwa sekunde mbili kisha kinarudi. Hizo ndizo dalili za kebo mbaya. Rangi iliyopauka sawasawa kwenye kioo kizima si dalili ya kebo, ni mpangilio wa runinga, na dawa yake iko kwenye rimoti uliyo nayo tayari.

Tena tazama tunachokipitisha humo. Picha ya 4K ya fremu 60 kwa sekunde huhitaji takribani gigabiti 17.8 kwa sekunde ndani ya kebo, na hiyo kweli ni kazi. Lakini sinema hiyo hiyo ikitoka Netflix inaingia nyumbani kwako kwa intaneti ya megabiti kama 15, kwa maana imeshabanwa zaidi ya mara elfu kabla haijafika sebuleni. Na taarifa ya habari ya saa moja? Tangu analogi ilipozimwa nchini mwaka 2015 tunaipata kwa dikoda, na stesheni nyingi ninazozishika kwa antena hapa kwangu ni za ubora wa kawaida tu. Kumnunulia dikoda huyo kebo iliyoandikwa 8K ni kujenga barabara ya njia nane ipitishe mkokoteni.

Sasa tuje kwa yule wa nne. Ni mwalimu mstaafu, jirani yangu. Alifundisha hesabu miaka mingi na bado ananiita "kijana wangu" ingawa nina mvi. Wanawe walimchangia runinga ya inchi 55 na amplifaya yenye spika tano, akateremka mjini kununua nyaya. Muuzaji alimpokea vizuri, akamwita mzee, akamvutia kiti. Halafu swali la kwanza likawa: "Mzee unakaa wapi?"

"Milimani."

Wanaokaa hapa tunalijua swali hilo. Fundi wa bomba analiuliza, muuza rangi analiuliza, hata wa mahindi ya kuchoma. Ukitaja mtaa wa miti mirefu chini ya Menengai, bei inapanda mlima pamoja nawe. Na tangu Nakuru ipandishwe hadhi kuwa jiji Desemba 2021, bei nazo zimejiona za jiji. Mwalimu aliuziwa kebo tatu za HDMI, kila moja mita mbili, zenye plagi za dhahabu na nailoni iliyosukwa kama kamba ya meli. Shilingi 22,500. Kwa pensheni ya mwalimu! Na kwa ukarimu wake muuzaji akamtupia waya wa spika bure, mita 40, "zawadi ya mteja mzuri."

Nilipofika nilimwomba tufanye jaribio. Nilitoa kebo ya kawaida kutoka kwenye begi langu, nikachagua sinema anayoipenda, nikamgeuza atazame dirishani kila nilipobadilisha kebo (au nilipojifanya nimebadilisha). Mara kumi. Alipata tano. Mtu wa hesabu hahitaji kuelezwa maana ya kupata tano kati ya kumi pale majibu yanapokuwa mawili tu. Alinyamaza, kisha akasema, "Kijana wangu, nilidhani macho yangu ndiyo yamezeeka." Maneno hayo yalinichoma kuliko zile pesa. Mzee alikuwa ameshaona dukani kwamba hakuna tofauti, lakini akaaminishwa kwamba kasoro ni yake.

Ndivyo biashara hii inavyofanya kazi. Sanduku limejaa maneno ya Kizungu yaliyochaguliwa yasieleweke, na mnunuzi anaona haya kuuliza. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na hizi kebo zinatembezwa kweli kweli. Wanaoniambia "si ni biashara tu, anayetaka anunue" nawaelekeza kwenye Katiba ya 2010, kifungu cha 46: mnunuzi ana haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike na bidhaa. Na sheria ya kulinda watumiaji ya mwaka 2012 inakataza kumwambia mtu kwamba bidhaa ina ubora ambao haina. Huu si ujanja wa soko. Una jina kisheria.

Na msidhani ni ugonjwa wa Kenyatta Avenue au wa Luthuli kule Nairobi peke yake. Mwaka 2008 kampuni ya Denon iliuza kebo ya mtandao iliyoitwa AKDL1, ya mita moja na nusu, kwa dola 499, ikiwa na mishale ya kuonyesha upande ambao data inaelekea. Shaba haisomi mishale. Mwaka mmoja kabla, James Randi, yule mwanamazingaombwe wa Marekani aliyejulikana kwa kuwaumbua matapeli, alisema zawadi ya dola milioni moja ya wakfu wake iko wazi kwa yeyote atakayetambua kwa masikio, bila kuona, tofauti kati ya waya wa spika wa dola 7,250 na waya mzuri wa kawaida. Dola hizo hakuna aliyezichukua.

Dhahabu yenyewe ni kweli imo, utando mwembamba juu ya plagi. Lakini kwa kupitisha umeme dhahabu ni ya tatu, nyuma ya fedha na shaba. Sifa yake ni kutoshika kutu. Ukikaa Mombasa karibu na bahari, chumvi hewani mwaka mzima, utando huo una faida ndogo ya kweli, na kebo nyingi za bei ya chini wanao pia. Sisi Nakuru adui yetu ni vumbi (jina la mji lenyewe husemekana linatokana na neno la Kimaasai la vumbi), na vumbi halijali plagi ni ya dhahabu au ya bati. Pangusa.

Sasa niwageukie wa upande wa pili, maana nao wananikera: wale wanaosema "waya ni waya, chukua wowote". Si kweli. Urefu una maana sana. Mita mbili ni rahisi kwa karibu kila kebo. Ukitaka mita kumi kutoka kwenye kabati hadi projekta darini, kwa picha ya 4K, shaba ya bei rahisi inachoka njiani na zile nukta za mchanga zinaanza. Hapo usiangalie dhahabu, angalia lebo. Kebo zilizopimwa zina stika yenye msimbo wa kuskani kwa simu: Premium High Speed kwa gigabiti 18, Ultra High Speed kwa gigabiti 48. Skani kabla ya kulipa. Na ujue kwamba wenye alama ya HDMI hawaruhusu kebo iuzwe kwa namba ya toleo. Kwa hiyo sanduku lililoandikwa kwa herufi kubwa "HDMI 2.1 CABLE" limevunja kanuni kabla hujalifungua.

Kebo za shaba zenye lebo ya gigabiti 48 ni nadra kuzidi mita tano. Ukihitaji zaidi ya hapo, ziko zinazobeba nuru ndani ya nyuzi za kioo, zina chipu kila mwisho. Hizo ni ghali kwa sababu ya kweli, na mshale wake ni wa kweli pia: mwisho mmoja ni wa chombo kinachotuma, mwingine wa runinga. Ukizigeuza hupati kitu.

Lakini kama una pesa za ziada na mkono unawasha, zipeleke kwenye waya wa spika. Hapo ndipo mwalimu alipoumizwa mara mbili, na sehemu ya pili ni ile aliyopewa "bure". Waya wa spika ni analogi mpaka leo. Haubebi namba, unabeba nguvu yenyewe inayosukuma spika, na kila kinachopotea kwenye waya hakifiki sikioni.

Ule waya wa zawadi ulikuwa mwembamba, kama nusu milimita mraba. Nikakwangua kwa wembe: nje wekundu, ndani mweupe. Aluminiamu iliyopakwa shaba! Aluminiamu ya namna hiyo ina ukinzani kama mara moja na nusu ya shaba halisi. Tukakaa na mwalimu tukapiga hesabu pamoja, na hapo alichangamka. Spika ya nyuma iko mita kumi kutoka kwenye amplifaya, kwenda na kurudi mita 20. Waya huo una ukinzani wa kama omu moja. Spika yake ni ya omu nne. Kwa hiyo katika kila wati tano zinazotoka kwenye amplifaya, moja inaishia kupasha waya joto ukutani. Tukabadilisha tukaweka shaba tupu ya milimita mraba 2.5, unene ule ule mafundi wa stima wanaotumia kwa soketi za nyumba, ila wa nyuzi nyingi laini ili ujikunje vizuri. Ukinzani ukashuka hadi omu 0.14 hivi. Kinachopotea sasa hakifiki wati nne katika mia.

Tofauti hiyo unaisikia? Kwenye spika za nyuma alisikia mara moja, wala sikumgeuza dirishani. Waya wote uligharimu chini ya bei ya kebo moja ya dhahabu, kutoka duka la vifaa vya ujenzi ambapo hakuna aliyemuuliza anakaa wapi.

Njia za kutambua bandia ni rahisi. Inua bunda: shaba ni nzito zaidi ya mara tatu ya aluminiamu. Kwangua ncha, rangi iwe nyekundu hadi ndani. Muuzaji akikataa ukwangue, umeshapata jibu. (Shaba nzuri inatoka hapa hapa kwa majirani, Kolwezi na Lubumbashi. Kuanzia 1971 hadi 1997 jimbo zima la Katanga liliitwa Shaba, kwa neno letu hili hili. Halafu sisi tunauziwa aluminiamu iliyopakwa rangi.)

Na kabla ya kununua chochote hakikisha chanya ya amplifaya imeingia kwenye chanya ya spika, kote. Ukigeuza upande mmoja, spika zinavutana badala ya kusaidiana na besi inapotea. Nimeona wufa mpya ikinunuliwa kutibu ugonjwa huo ambao dawa yake ni kugeuza nyaya mbili.

Kuhusu sauti kutoka kwenye runinga kwenda kwenye amplifaya nitapita haraka. Nyuma ya runinga kuna matundu matatu au manne ya HDMI, lakini kwa kawaida ni MOJA tu limeandikwa ARC au eARC, na ndilo peke yake linalorudisha sauti. Lipo tangu toleo la 1.4 la mwaka 2009. Ukichomeka kwenye tundu jingine picha itakuja na sauti haitatoka, na hapo ndipo muuzaji anapokwambia kebo yako ni hafifu. Soma maandishi ya tundu kwanza, kwa tochi ya simu.

Kama amplifaya yako ni ya zamani, tumia kebo ya nuru ya sauti, ile yenye ncha inayotoa mwanga mwekundu. Toshiba waliitoa mwaka 1983 na bado inafaa. Inabeba stirio, au sauti ya njia sita iliyobanwa. Na ina faida moja ambayo wakazi wa nyumba zetu za zamani wanaihitaji: haipitishi umeme. Kama spika zinanguruma polepole mchana kutwa hata muziki ukizimwa, mara nyingi ni stima ya hezi 50 inayozunguka kati ya vifaa viwili kupitia waya wa ardhi. Nuru inaukata mzunguko huo. Ila kama fundi wako hakuweka waya wa ardhi kabisa, mwite arudi, maana hiyo si habari ya sauti tena.

Tukiwa kwenye stima: mwalimu alitumia shilingi 22,500 kwa kebo, na kinga ya runinga ya elfu mbili hakuinunua, kwa sababu hakuna aliyeitaja. Hakuna atakayeitaja, haina dhahabu. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili mmoja aliangukia transfoma katika kituo cha Gitaru na Kenya nzima ikabaki gizani kwa saa kadhaa. Agosti 25 mwaka 2023 giza likatanda tena karibu nchi nzima. Stima ikipotea haina neno, shida ni inaporudi kwa kishindo. Zile gadi zinazosubiri dakika chache kabla ya kuruhusu stima ipite zipo dukani humo humo, rafu ya chini, karibu na balbu.

Tumbili wa Gitaru alinusurika. Amplifaya haina bahati hiyo.